Mtoto Akitaka Udaktari, Mzazi Afanye Nini?

*Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazazi na wanafunzi wa shule za upili wa Mvita waliokutana Mji wa Kale. Tunayachapisha kwa kuwa wengi waliokuwepo waliomba wayapate kwa maandishi.*

 

Mimi si daktari wala si mwalimu. Kazi yangu ni kusoma matangazo marefu ya serikali na kuyafupisha ili mwananchi ayaelewe. Lakini jambo la leo nalijua pia kwa upande wa nyumbani, na nitaanzia huko.

Mdogo wangu wa kike aliitwa "daktari" tangu darasa la sita. Siku moja alimfunga mtoto wa jirani kidonda cha mguu kwa kitambaa safi, akakifunga vizuri, na wazee waliokuwa barazani wakamwona. Basi, jina likamganda. Akipita kwenda madrasa, "Daktari, hujambo?" Akirudi, "Daktari, mgongo waniuma." Alipofanya KCSE akapata A-. Nyumbani tulipika pilau, majirani wakaja.

Siku ya kujaza maombi ya chuo, mjomba alimchukua mpaka saiba. Akamwambia kijana wa pale, "Weka udaktari kila mahali." Akaweka udaktari kila mahali. Majibu yalipotoka, hakupata nafasi hata moja. Ilikuwa karibu na Idd. Wageni waliingia na kuuliza, "Daktari yuko wapi?" Yeye alikuwa chumbani na mlango umefungwa.

Mtoto yule hakufeli. A- si kufeli. Sisi tuliokuwa na umri wa kumsaidia ndio hatukujua namna ya kumsaidia. Tulimpa jina la daktari kwa miaka 7, lakini hatukuwahi kukaa naye hata jioni moja kusoma masharti yanasema nini. Kwa hivyo leo sitawahimiza watoto wasome kwa bidii, hilo walimu wao wanalisema kila siku. Nitasema na wazazi juu ya kazi yetu sisi.

Kwanza, masomo

Kwa kawaida, anayetaka shahada ya udaktari na upasuaji hutakiwa awe na angalau B katika Baiolojia, B katika Kemia, B katika Hisabati au Fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Hicho ni kizingiti cha kuruhusiwa kuomba tu. Ushindani wenyewe uko juu zaidi ya hapo.

Angalieni neno "Kiswahili" hapo. Sisi watu wa Mvita lugha hii tumeinyonya na maziwa, lakini watoto wetu wengi huidharau darasani kwa kudhani wanaijua. Kijana anayepata A ya Kiswahili amejipatia moja ya masomo manne yanayohesabiwa. Mwambieni asiichezee.

Kuna kosa moja lililofanyika mapema sana. Katika 8-4-4, mtoto alipokuwa kidato cha pili anaelekea cha tatu, alichagua masomo ya kuacha. Rafiki yake aliacha Fizikia, naye akaacha. Kuacha Fizikia si mwisho wa safari, maana Hisabati inaweza kushika nafasi yake. Lakini basi Hisabati lazima iwe nzuri, kwa sababu hakuna tena pa kukimbilia. 

Wenye watoto walio katika mfumo mpya, kwenu uamuzi umekuja mapema zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za juu Januari 2026, na KCSE ya 8-4-4 itafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Katika mfumo huu mtoto huchagua njia yake akiwa Gredi ya 9, yaani akiwa na miaka 14 au 15. Anayefikiria udaktari njia yake ni ile ya sayansi, inayoitwa STEM, na ndani yake achague Baiolojia na Kemia. Muulizeni mwalimu kama shule aliyoitwa mtoto inafundisha masomo hayo yote mawili, na kama ina maabara inayotumika.

Pili, alama za klasta

Hapa ndipo wazazi wengi tunapopotea. Tunaona A- kwenye karatasi ya matokeo tukadhani mlango umefunguka.

Huduma ya kuwapanga wanafunzi vyuoni, KUCCPS, haitazami gredi ya wastani peke yake. Hutazama alama za klasta. Alama hizi hutokana na mambo mawili kwa pamoja: masomo manne yanayohusiana na kozi, na jumla ya masomo saba. Kiwango cha juu kabisa ni 48.

Sasa chukua vijana wawili wa mtaa mmoja, wote wana A-. Wa kwanza amepata A katika Historia, A katika Dini ya Kiislamu na A katika Biashara, lakini Kemia ana B na Baiolojia ana B+. Wa pili amepata A katika Kemia, Baiolojia na Hisabati, na Historia akapata B. Barazani wote wawili ni A-. Kwa upande wa udaktari, wa pili ameshampita mwenzake mbali. A ya Dini ni fahari ya nyumba na inasaidia katika jumla ya masomo saba, lakini haimo katika yale manne.

Jambo hili limekuwa muhimu zaidi tangu KCSE ya 2023. Tangu mwaka huo wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kwa hivyo mtoto anaweza kuanguka Kemia na wastani wake usionyeshe. Klasta itaonyesha.

Msijaribu kuzikokotoa alama hizi kwa kalamu na karatasi. Mtoto akishafanya mtihani na matokeo kutoka, tovuti ya KUCCPS humwonyesha alama zake za kila klasta. Tovuti hiyo pia huonyesha kila kozi ilichukua kwa alama ngapi miaka iliyopita. Zile alama hazikupangwa na mtu kabla. Ni alama za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule. Mwaka huu zinaweza kupanda au kushuka. Lakini kama kozi imechukua kwa alama 44 miaka mitatu mfululizo na mwanao ana 41, hiyo ni habari. Ichukueni mapema kuliko kuisubiri ije na machozi.

Tatu, chaguo la pili

Kama mtasahau yote niliyosema leo, hili msilisahau. Chaguo la kwanza ni la moyo, na mtoto mwenyewe ashalijua. Kazi ya mzazi iko kwenye chaguo la pili, la tatu na la nne.

Tovuti humpa mwombaji nafasi kadhaa za kuchagua, kwa kufuata anachokipenda zaidi. Akizijaza zote kwa udaktari wa vyuo vikubwa, amecheza kamari. Weka udaktari juu, ikiwa alama zinakaribia. Kati ya vyuo vinavyofundisha udaktari, tazameni pia vile ambavyo havisemwi sana mitaani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari mwaka 1967, na Moi kule Eldoret kikafuata mwaka 1990, kwa hivyo kila mtu anavikimbilia hivyo. Lakini leo udaktari unafundishwa pia Maseno, Egerton, Kenyatta, JKUAT, Kisii na Masinde Muliro. Leseni anayopata mhitimu ni ile ile.

Kisha chini yake weka kozi ambayo mtoto anaweza kuishi nayo: uuguzi, ufamasia, udaktari wa meno, tabibu, maabara, afya ya jamii. Ufamasia na meno navyo vina ushindani mkali, kwa hivyo visiwe ndiyo ngazi ya mwisho. Na kwa yule ambaye alama za shahada hazikutosha, kuna KMTC, ambayo ina tawi lake hapa kisiwani, karibu na Hospitali Kuu ya Pwani. Kwa stashahada ya tabibu au uuguzi, wastani unaohitajika ni C, pamoja na masharti ya masomo.

Wazee wangu, naomba tuache kusema, "Amekuwa nesi tu." Nendeni pale hospitalini, ambayo baadhi yenu bado mnaiita Makadara, mkae wodini saa mbili. Mhesabu ni mara ngapi mgonjwa amemwona daktari, na ni mara ngapi amemwona muuguzi.

Asiyepata chochote katika awamu ya kwanza hufunguliwa nafasi ya kuchagua tena. Na aliyepata kozi anaweza baadaye kuomba uhamisho, mradi alama zake zinafikia kozi anayohamia na nafasi ipo. Tarehe hubadilika kila mwaka na siku ni chache, kwa hivyo fuateni matangazo ya KUCCPS wenyewe, si ujumbe uliozungushwa kwenye simu.

Nne, majina na karatasi

Hili ni letu hasa sisi watu wa mwambao. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, shuleni ameandikwa Mohammed, kitambulisho cha babake kina Muhammad. Huyu ni Mwanaisha kwa cheti na Mwanaesha kwa mtihani. Mwingine ana jina la babu kwenye cheti na jina la ukoo shuleni. Nyumbani wote twamjua ni yule yule. Kompyuta haimjui.

Shule ikiwasajili watahiniwa wa KCSE, ombeni kuona jina lilivyoandikwa, mlilinganishe na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kurekebisha wakati ule ni kazi ya siku moja. Kurekebisha baada ya mtihani ni safari, barua na fedha.

Mtoto akitimiza miaka 18, aanze kufuatilia kitambulisho mara moja. Wengi wenu mnajua foleni zake na maswali yake. Asingoje mpaka barua ya chuo iingie ndipo aanze. Na siku ya kujaza maombi, mtoto aende mwenyewe, neno lake la siri awe nalo mwenyewe, na ada ilipwe kwa njia inayoonyeshwa na tovuti. Kijana wa saiba anaweza kumsaidia kuchapa, lakini asimchagulie. Kabla hajatoka, asome kila kozi na kila namba ya kozi kwa sauti, kisha apige picha ya skrini. Anayehitaji msaada bila malipo aende Huduma Centre iliyo katika jengo la Posta, barabara ya Digo. Hapo utapata pia watu wa bodi ya mikopo, HELB.

Tano, fedha na miaka

Udaktari ni miaka 6 ya chuo, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini kabla ya leseni kamili. Kijana wa miaka 18 atakuwa na 25 au zaidi kabla hajajitegemea. Wadogo zake nao watakuwa wanamaliza shule ya upili. Hesabu hiyo ifanywe na familia nzima ikiwa imekaa pamoja, mtoto naye akiwepo.

Tangu mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023, mwanafunzi aliyepelekwa chuo cha umma huomba ufadhili na mkopo yeye mwenyewe mtandaoni, na sehemu inayobaki hulipwa na familia. Kiasi anachopewa hutegemea hali ya nyumbani kwao. Jazeni ukweli. Kuna mzazi anayeona haya kuandika kwamba hana kazi, au kwamba mtoto ni yatima na analelewa na bibi. Haya hiyo itamgharimu mtoto fedha alizostahili kupewa. Kisha kuna basari ya kaunti na ile ya eneo bunge. Fomu zake hutangazwa wadini, na nyingi hurudi bila kuambatanishwa barua ya chuo. Weka nakala za kila kitu katika bahasha moja.

Na tuseme kweli. Njia haiishi siku ya mahafali. Mwaka 2024 madaktari wa nchi hii waligoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na jambo kubwa lilikuwa malipo ya wanagenzi na kuchelewa kupelekwa vituoni. Simwambii kijana aache. Namwambia aingie akijua.

Sita, ng'ambo na madalali

Familia nyingi za pwani zimepeleka watoto kusomea udaktari Sudan, Misri, Uturuki, India, Ukraine na kwingineko. Wengine wamerudi na wanatibu. Lakini kumbukeni Februari 2022 kule Ukraine, na Aprili 2023 kule Khartoum. Vita vilipoanza, wanafunzi wa Kenya walitoka kwa mabasi na begi moja, wengine wakiwa wamebakisha mwaka mmoja tu. Hakuna mzazi aliyeweza kulijua hilo mapema. Yapo ambayo mzazi anaweza kuyajua mapema.

Kabla hujalipa hata shilingi, liulize Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno, KMPDC, kama chuo hicho kinatambuliwa hapa Kenya, na kama gredi za KCSE za mwanao zinatosha kwa udaktari. Kuna watoto waliochukuliwa ng'ambo kwa gredi za chini, wakasoma miaka yote, wakarudi na shahada ambayo haiwapi leseni. Anayetoka ng'ambo hufanya pia mtihani wa baraza hilo kabla ya kuingia uanagenzi. Uliza pia masomo yanafundishwa kwa lugha gani, na mtoto atagusa mgonjwa mwaka wa ngapi.

Na yule anayekuja nyumbani jioni, amevaa vizuri, anasema ana mtu wake ndani ya KUCCPS, mpeni kahawa kwa ada ya mgeni, kisha mpeni viatu vyake. Nafasi hizi hazina dalali.

Mwisho, nyumbani

Nyumba zetu za Mji wa Kale ni za watu wengi. Arusi ya jirani ni arusi yetu, matanga ya jirani ni matanga yetu, na hivyo ndivyo tulivyolelewa. Lakini mtahiniwa anahitaji saa mbili za kimya kila siku. Kama nyumba haina, kuna maktaba ya taifa, kuna darasa la shule baada ya alasiri, kuna nyumba ya shangazi ambayo watoto wamekwisha kuolewa. Mtafutieni pahali. Msichana naye apunguziwe jiko mwaka ule wa kidato cha nne, kama mnavyompunguzia kakake kila mwaka.

Kisha muulizeni swali moja, mkiwa wawili tu, bila wageni: "Mwanangu, wewe mwenyewe wautaka udaktari, au watutakia sisi?" Na mkishauliza, nyamazeni mpaka ajibu. Akisema hautaki, mshukuru Mungu kwamba amesema akiwa na miaka 17, si akiwa mwaka wa nne chuoni. Akisema anautaka, muulizeni swali la pili: "Na ukikosa, tufanye nini?" Mtoto aliyejibu swali hilo kabla ya mtihani halali akiwa amefungiwa na hofu.

Nilianza na mdogo wangu, nimalizie kwake. Siku ya tatu ya Idd ile mama aliingia chumbani, akakaa kitandani, akamwambia, "Mimi nakujua jina lako. Hao wengine waache." Nafasi ya kuchagua tena ilipofunguliwa, tulikaa wanne mbele ya simu moja, tukasoma kozi moja moja mpaka usiku wa manane. Mjomba alikuwepo, na safari hii alisikiliza. Akachagua shahada ya uuguzi, akapata.

Leo yuko wodi ya wazazi katika hospitali moja ya umma. Wazee wa baraza bado wanamwita daktari, naye huwasahihisha kila mara: "Mimi ni muuguzi, babu. Haya, leta mkono nikupime presha."

Vijana, nawatakia kheri. Wazazi, vyeti vya kuzaliwa vitoeni makabatini leo usiku mvitazame.